Nikihama seva, wateja watanifuata?

Swali: Assalaam aleikum. Nauza leso Mtaa wa Biashara, Mombasa. Akaunti niliyokuwa nikiwekea picha za leso imefungwa bila maelezo, na wafuasi wa miaka minne wamepotea. Kijana wangu aniambia nihamie Mastodon, huko mtandao hauna mwenyewe. Ni kweli? Na nikitaka kuhama tena, wateja watakuja nami?

Jibu: Waleikum salaam, dada. Pole sana. Miaka minne ya kujenga jina si kitu kidogo.

Kijana wako amepata nusu. Mastodon, mtandao wa kijamii alioanzisha Eugen Rochko mwaka 2016, umegatuliwa: ni seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti na machapisho ya watu, zinazozungumza lugha moja, ActivityPub, kama vile mtu wa Gmail anavyomwandikia mtu wa Yahoo. Lakini kila seva ina mwenyewe, naye anaweza kukufungia pia. Nafuu yako ni kwamba una njia ya kutokea.

Njia yenyewe ni hii. Unafungua akaunti kwenye seva mpya, unaingia kwenye mipangilio yake na kuitambulisha ile ya zamani, kisha unarudi kwenye ya zamani na kuamuru uhamisho. Wafuasi wanahama wenyewe, hawabonyezi chochote. Machapisho hayahami. Ile leso uliyoitandaza kaunta ukaipiga picha jina lake lisomeke vizuri itabaki kule kule, kwa hiyo picha zako ziweke pia kwenye simu na kwenye flashi. Tena, uhamisho unataka seva ya zamani iwe ingali hai na uweze kuingia. Ikizimwa ghafla, au ukifungiwa kabisa, umekwama vile vile.

Ndiyo maana nakusihi uchague seva kwa makini. Zilizoorodheshwa kwenye joinmastodon.org, tovuti rasmi ya Mastodon, zimeahidi kuhifadhi nakala kila siku, kuwa na angalau mtu mmoja zaidi mwenye uwezo wa kuingia dharura ikitokea, na kuwaarifu watumiaji miezi 3 kabla ya kufunga. Seva ya mtu mmoja asiyejulikana, hata kama ni rafiki wa kijana wako, mimi singeiwekea biashara.

Jambo jingine: ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa siri kama wa WhatsApp. Msimamizi wa seva anaweza kuusoma. Usipokelee humo nambari za kitambulisho wala maelezo ya malipo.

Kwa maoni yangu, fungua akaunti hiyo, ila usiitegemee kwa mauzo ya sasa. Wanunuzi wengi wa leso ninaowajua mimi hapa Mombasa wako WhatsApp. Kilichokuumiza ni kwamba orodha ya wateja ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Leo jioni, kabla ya kufunga duka, anza kuandika nambari zao kwenye daftari, kwanza wale wanaoagiza doti nyingi za harusi.