Kabla ya kukimbilia FFT, hesabu baiti zako

Vijana wengi wanaonijia hapa Goma kuomba ushauri huja na kadi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kusomea vihisi), kihisi kimoja, na programu ya FFT, yaani hesabu inayochambua wimbi kuonyesha limeundwa na mitetemo ya kasi zipi, waliyoipakua intaneti. Mimi huwauliza: unataka kujua nini? Akisema "maji yamefika wapi kwenye tangi" au "jenereta inazunguka sawasawa?", namwambia FFT aiweke kando.

Piga hesabu mwenyewe. Uno ya R3 ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya baiti 2048. FFT ya sampuli (yaani vipimo) 512, kila sampuli ikiwa na sehemu mbili za baiti mbilimbili, inakula baiti 2048. Zimeisha! Wastani unaosogea hauna makuu hayo: unatunza sampuli chache na jumla yake, unaongeza mpya, unatoa ya zamani kuliko zote. Dirisha, yaani idadi ya sampuli unazozitunza, likirefuka, hesabu ya kila hatua haiongezeki.

Kazi huharibika pale urefu wa dirisha unapochaguliwa kwa kubahatisha. Urefu huo utafute kwenye kelele yenyewe. Umeme wetu ni wa Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Ukipima mara 1000 kwa sekunde, sampuli 20 zinabeba mzunguko mmoja kamili. Nusu ya juu na nusu ya chini zinafutana, na ule mvumo wa umeme ulioingia kwenye waya wa kihisi unatoweka pamoja na wenzake wa Hz 100 na 150. Watu hupenda sampuli 16 kwa sababu chipu inagawanya kwa 16 upesi. Sawa, lakini basi pima mara 800 kwa sekunde, la sivyo mvumo utabaki. Na jumla ukiiweka kwenye namba ya biti 16 isiyo na alama ya hasi, usivuke sampuli 64: kipimo kikubwa kabisa cha Uno ni 1023, 64 mara 1023 ni 65472, na mwisho wa namba hiyo ni 65535.

Bei yake ni kuchelewa, karibu nusu ya dirisha. Kwa tangi la maji, nani atalalamika?

Pampu inapowashwa, sampuli moja inaruka ghafla. Wastani hauifuti, unaisambaza tu. Chukua sampuli tatu zinazofuatana, zipange kwa ukubwa, shika ya katikati, halafu ndipo upige wastani. Usigeuze mpangilio huo.

Kwa jenereta, usihesabu mawimbi ndani ya sekunde moja. Jibu linakuja kwa hatua za Hz nzima. Pima muda wa mizunguko kumi: kwenye Hz 50 ni milisekunde 200, na saa ya Uno inasoma kwa hatua za mikrosekunde 4. Weka vizingiti viwili, kimoja juu ya sifuri na kingine chini yake, maana wimbi chafu huvuka sifuri mara kadhaa pale linapopaswa kuvuka mara moja.

Sisi tunaoishi chini ya volkeno ya Nyiragongo tuna sababu nyingine ya kuziheshimu njia hizi. Wataalamu wa matetemeko wametumia kwa miaka mingi uwiano wa wastani mfupi wa ukubwa wa mtikisiko, tuseme wa sekunde 1, kwa wastani mrefu, tuseme wa sekunde 30. Ardhi ikitikisika ghafla, ule mfupi unaruka na mrefu unabaki nyuma. Uwiano ukivuka kizingiti, kengele inalia. Ukijaribu nyumbani, simamisha wastani mrefu mara kengele inapolia, usije ukameza tetemeko lenyewe. Pia usitarajie ikamate mtetemo wa volkeno unaopanda polepole: wastani wote wawili hupanda pamoja na uwiano haushtuki. Hapo linganisha wastani mfupi na kiwango cha siku tulivu ulichohifadhi.

FFT ina siku yake, mathalani pale beringi mbovu inapojificha ndani ya kelele za mota na hujui uitafute kwenye Hz ngapi. Ukiijua Hz yenyewe, njia ya Goertzel ya mwaka 1958, inayopima Hz moja tu uliyoichagua, inatosha: kuzidisha mara moja na kujumlisha mara mbili kwa kila sampuli, na Uno inaiweza.