Ukienda Pemba kuwauliza wazazi kuhusu chanjo

Mwanafunzi wa afya anayekwenda Pemba kupima uelewa na mtazamo wa wazazi juu ya chanjo ajihadhari na majibu mazuri. Nimezunguka shehia za Micheweni na Wete na dodoso mkononi, nayajua. Umefika na sheha (kiongozi wa shehia, yaani wa mtaa au kijiji), kalamu na fomu. Nani atakwambia haitaki chanjo? "Nzuri, tunashukuru." Mgeni havunjwi moyo.

Kwa hiyo ile mizani ya "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa" itie kauli za kinyume. "Chanjo humkinga mtoto" wote wataikubali. Weka na "Mtoto anayenyonya vizuri hahitaji chanjo", au "Homa baada ya sindano maana yake mtoto kadhurika". Aliyezikubali zote kakustahi tu, hajakujibu.

Alama za uelewa usizijumlishe na za mtazamo. Wapo kina mama wanaokutajia surua, pepopunda, dondakoo na kifaduro bila kukwama, na dozi ya pili ya surua, ya miezi 18, mtoto hajapata. Ile ya miezi 9 walimpeleka. Kisha mtoto kaanza kutembea, haumwi, kliniki ikasahaulika. Na wapo wasiojua BCG inakinga nini (kifua kikuu), lakini kadi zao hazina pengo hata moja. Ukichanganya alama, hawa wawili watakupotea.

Kadi ndiyo shahidi. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mtoto hupewa matone na sindano zaidi ya moja kwa siku. Mama mwenye watoto watano atakumbuka ipi ya nani? Ila mimi kadi naiomba mwisho. Ukianza nayo, mama anahisi umekuja kumkagua, na mtazamo wake hutausikia tena. Ikiwa imepotea, andika kuwa ni maelezo ya mzazi, kisha tazama daftari la kituo.

Halafu kuna mwani. Siku za bamvua, maji yakikupwa, kina mama wengi wa pwani wako baharini. Ukipiga hodi saa hizo utawahoji wasiolima mwani peke yao, na sampuli yako imeshapinda kabla hujaanza hesabu. Muulize sheha maji yanakupwa saa ngapi, upange ratiba kwa hayo.

Ongeza pia swali la nani huamua. "Hilo mpaka baba yake" nimelisikia sana, na pengine mwenye kauli ni bibi aliyekaa ukumbini anasuka ukili, ambaye dodoso halimtambui kabisa. Uliza na nauli ya kufika kituoni.

Mengine utayasikia fomu ikishafungwa, unavaa viatu. Usiyaandike kimyakimya, rudi ukae, omba ruhusa, ndipo ufungue daftari.