Presha ya mama imeshuka, tuache dawa? MSIACHE

Wewe wa Nakuru, kwanza piga simu nyumbani, mwambie mama ameze tembe ya leo, ndio urudi usome haya mengine.

Kwa wale mnaingia sasa: huyu wa Nakuru ameuliza kuhusu mama yake, alipimwa akapatikana na 168/102, akaandikiwa amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 5, amemeza wiki kadhaa na juzi mashine imesoma 124/80. Sasa mama anasema amepona, na watoto wanataka kumtoa kwa dawa wamuweke kwa dayeti, kitunguu saumu asubuhi, mrenda bila chumvi, na wamnunulie mbwa kwa sababu wamesoma kufuga mnyama kunashusha presha. Anauliza ale nini, mbwa awe wa aina gani, na tembe aziache mara moja ama pole pole. Hilo la mwisho ndilo limenifanya niandike usiku huu, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo nusura tumpoteze baba yetu, hapa Kisumu.

Hiyo 124/80 umeletewa na dawa. Ukiitoa, ile 168 iko njiani inarudi. Watu wa Budalangi maji yakikosa kuingia nyumbani mwaka mmoja hawaendi kubomoa daiki ya Nzoia, lile tuta la kuzuia mto, wanajua mto uko pale pale. Presha nayo kwa wengi haiponi, inazuiwa, na ubaya wake haiumi, mtu anatembea na 170 anacheka na watu sokoni anajiona mzima kuliko wewe.

Baba ni fundi wa nguo, wa zile yunifomu za shule, ana cherehani yake kwa veranda ya duka. Dawa, hiyo hiyo amlodipini, ilikuwa imemkubali vizuri kabisa. Halafu siku ya soko akakutana na mtu mmoja wa mitishamba, amevaa koti jeupe kama daktari, spika iko juu ya mkokoteni, anapima watu presha bure. Akamwambia mzee dawa za hospitali zinakula figo, ukizizoea utazimeza mpaka kaburini, chukua hii chupa unywe kijiko asubuhi na jioni na hizo tembe weka kando. Ile chupa ilikuwa ya soda, ndani maji ya kahawia yanayonuka mizizi, na bei yake ingenunua amlodipini ya miezi.

Sasa sikiliza ujanja wake, kwa sababu huu ndio unaua watu. Alimwambia mzee arudi baada ya siku mbili apimwe tena. Mzee akarudi, mashine ikasoma vizuri, jamaa akapiga kelele kwa spika watu waone ushuhuda. Kumbe amlodipini ni dawa inayokaa mwilini, inachukua kama saa 30 hadi 50 ndio ipungue nusu tu, kwa hivyo kile kipimo kizuri kilikuwa bado ni kazi ya zile tembe za hospitali! Jamaa alivuna shamba la mwenzake mchana kweupe na mzee akamshukuru. Mimi nikielezwa hiyo hesabu na klinikal ofisa baadaye nilitetemeka kwa hasira, na bado natetemeka nikiandika. Na hiyo ya figo ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu kinachoharibu figo ni presha yenyewe ikiachwa juu, inapiga ile mishipa midogo midogo ya figo mwaka baada ya mwaka. Yaani alimtisha mzee na ugonjwa ambao yeye ndiye alikuwa anamuuzia.

Hakuna aliyejua nyumbani. Mama alikuwa anamuuliza umemeza? anasema nimemeza. Karatasi za vidonge tulizipata chini ya godoro baadaye, zimejaa, hakuna hata shimo moja.

Asubuhi moja alikuwa anachora kitambaa cha sketi na chaki. Yule kijana anayejifunza kwake ndiye aliona, mstari wa chaki umetoka kwa kitambaa ukaingia kwa meza na mzee anaendelea tu kuchora meza, hajui. Akamwita, mzee akajibu maneno yamelegea kama mtu mlevi, mdomo umeenda upande mmoja. Kijana hakungoja mtu, akamrusha kwa tuktuk mpaka Russia, ile hospitali kubwa ya hapa Kisumu, na Mungu ambariki kwa sababu kwa kiharusi kila dakika ni ubongo unakufa. Ikiwa ni damu imeganda kuna dawa ya kuiyeyusha, lakini lazima iingie ndani ya saa nne na nusu, na lazima upigwe picha ya kichwa kwanza wajue kama ni kuganda ama ni mshipa umepasuka. Kwa hivyo mkiona uso umeinama, mkono umekosa nguvu, maneno hayashikani, ni hospitali mbio, msimpe aspirini ya nyumbani, kama ni mshipa umepasuka mtaongeza damu. Wake ulikuwa umepasuka.

Yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini mkono wa kulia haushiki mkasi mpaka leo, na fundi bila mkasi wewe jua. Cherehani anatumia yule kijana. Fizio, nepi za watu wazima, usafiri, hizo pesa hata sitaki kuzijumlisha hapa.

Kwa hivyo sheria ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: presha ikishuka dawa inaendelea, na wa kuipunguza ni yule aliyeiandika, na mashine mbele yake. Si wewe, si jirani, si mtu wa spika. Na kama kuna mtu hapa mama yake yuko kwa atenololi, dawa nyingine ya presha, hiyo ndiyo kabisa, ukiikata ghafla moyo unaanza kukimbia na presha inaruka.

Kama mama ana sababu ya kuichoka dawa muulizeni taratibu, wazee hawasemi. Amlodipini inafura watu miguu kwa vifundo, wengi wanaiacha kwa hilo wanaona aibu kusema. Wa enalaprili, nayo ya presha, wengine wanapata kikohozi kikavu, wanahamishwa losartani kinaisha. Dawa ziko nyingi, anabadilishiwa. Muulize pia kama anameza diklofenaki ama ibuprofeni za maumivu ya magoti, hizo zinapandisha presha na kwa kemisti anauziwa bila kuulizwa chochote.

Chakula, sawa, nakubaliana nanyi, lakini kiende PAMOJA na tembe. Chumvi yote ya siku isipite kijiko kimoja cha chai, hiyo ni ya WHO, na huku kwetu chumvi imejificha. Huo mrenda wenu mtatoa chumvi halafu mweke magadi ulainike, na magadi ni sodiamu ile ile. Samaki wa kukaushwa na chumvi, soseji, smoki za barabarani, ule unga wa viungo wa pakiti kwa mchuzi, zote ni chumvi. Mpeni managu, kunde, maharagwe, ndizi, avokado, omena waoshwe na maji moto vizuri. Kitunguu saumu atie kwa mboga, kitamu.

Sasa mbwa. Ule utafiti watu wanapenda kuutaja ni wa Karen Allen wa Buffalo kule Marekani, ulitoka 2001. Walichukua watu 48 wa kazi ya kuuza hisa, wote wana presha, nusu wakapewa paka au mbwa. Waliofuga, wakitiwa mawazo presha yao haikuruka sana kama ya wenzao. Safi kabisa. Lakini soma yote: WOTE 48 walikuwa wamewekwa kwa lisinoprili, dawa ya presha, na ile presha ya kukaa tu ilishushwa na hiyo dawa, kwa wenye mbwa na wasio na mbwa sawa sawa. Hakuna aliyeambiwa acha tembe ufuge paka. Mnunulieni, atamtoa mama nje jioni atembee na hilo ni zuri, mchanjeni kichaa cha mbwa kila mwaka, basi.

Kama tayari ameruka siku kadhaa asimeze mbili kufidia, ameze ya leo moja na aendelee. Wiki hii mpimeni asubuhi na jioni, akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono uko juu ya meza, asiwe ametoka kunywa chai. Andikeni zote kwa karatasi mpeleke kliniki. Halafu uje hapa utuambie alimeza lini mara ya mwisho, maana hilo hukusema.