Nduna Songea azikwe kamili, ila kwa masharti

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama fuvu la Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni katika Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, iwapo litapatikana Ujerumani, lizikwe au litunzwe katika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea. Kwangu mimi, mzaliwa wa huko, swali linalotangulia ni tunawafanyia nini waliokwisha kulala pale Mahenge, mtaa wa Songea yalipo makumbusho hayo. Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga wapiganaji zaidi ya 60 na kuwafukia katika kaburi moja. Nduna, ambaye masimulizi yanasema alikataa kusalimika peke yake, alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa kando. Kila Februari turubai hufungwa na hotuba husomwa. Turubai zikishakunjwa, wengi wetu hatukanyagi tena pale hadi mwaka mwingine.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu alitupeleka huko tukiwa mistari miwili, daftari mkononi, kwa ajili ya insha. Mwenzetu mmoja akauliza kama Nduna alizikwa mzima. Mwalimu alimkaripia, lakini mzee mmoja wa Kingoni, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda na fimbo yake katikati ya magoti, akasema, “Mwache mtoto aulize, mwalimu.” Akatueleza kwamba kiwiliwili kipo, kichwa kilichukuliwa na Wajerumani, kisha akaanza kutuuliza ukoo wetu, mmoja baada ya mwingine. Aliyesema Gama aliitwa mbele, aliyesema Mbano vilevile. Ilipofika zamu ya mtoto wa Kimatengo, aliyejibu kwa sauti ya chini kana kwamba habari ile haikumhusu, mzee alimshika bega akamweleza jinsi maghala na mashamba yalivyochomwa, na jinsi njaa iliyofuata ilivyoua watu wengi kuliko risasi, bila kuchagua kabila. Mwalimu alitazama saa yake mara kadhaa, mzee hakujali. Niliyoyaandika katika insha yamenitoka kabisa.

Nilipoanza barua hii nilikuwa upande wa makumbusho, ili watoto waone kwa macho. Lakini mzee yule alitufundisha yote bila fuvu lolote, na kukiweka kichwa cha babu wa watu ndani ya kabati la kioo ni kuendeleza kazi ya waliokikata. Basi na lizikwe, ingawa nina masharti. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipokuja Songea Novemba 1, 2023, aliomba radhi na kuahidi kutafuta, bila kuhakikisha kwamba litapatikana. Mwaka huohuo vipimo vya vinasaba viliunganisha baadhi ya mafuvu yaliyoko Berlin na familia za Kichaga zilizo hai, kwa hiyo jambo hili linawezekana, mradi tusipokee fuvu lolote kwa haraka ya sherehe. Vipimo vikiacha shaka, ukoo wa Mbano ndio uamue, wala si wizara. Na mazishi yasipangwe Februari 27, kwa sababu siku hiyo ni ya wale wengine, ambao hata sasa ni wachache wanaowajua kwa majina.