Barua kwa mwanangu: kodi ya barabara haiji na gari

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma na nimeona nikujibu kwa kuandika vizuri, maana kwenye simu huwa tunakatana katikati afu nusu ya maneno inapotea. Umeniuliza hivi: yule baba wa Wakefield anayeuza Yaris haibridi ya 2016 amesema gari ina kodi ya barabara mpaka mwezi wa tatu na bima yake bado haijaisha, kwahiyo Jumamosi ukishamlipa unawasha tu unaiendesha mpaka Leeds, mengine utayafanya wiki ijayo mshahara ukiingia. Na mjomba wako wa Dar kakuambia haina shida, gari ikiwa na vibali vyake unaendelea navyo mpaka viishe.

Jibu ni hapana baba. Kwa kodi hapana, na kwa bima ndo hapana kabisa.

Mjomba hajakudanganya, anaongea ya kule. Bongo ile rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, ukijaza petroli ushalipa, na kwenye matangazo ya magari watu wanaandika kabisa bima ipo mpaka mwezi fulani, ni kitu cha kuvutia mteja. Hata hapa Uingereza zamani kulikuwa na kikaratasi cha duara kinakaa kwenye kioo cha mbele na ulikuwa unanunua gari pamoja na miezi yake iliyobaki. Hiyo iliisha tarehe 1 Oktoba 2014. Toka hapo kikaratasi hakuna, kila kitu kiko kwenye kompyuta za DVLA, ile idara ya serikali inayosajili magari na leseni, na muuzaji akishawaambia ameuza basi kodi yake inafutwa, kama alikuwa anakatwa kwa dairekti debiti inasimama yenyewe, kama alilipa ya mwaka mzima anarudishiwa miezi mizima iliyobaki. Kwahiyo hiyo mpaka mwezi wa tatu anayokutangazia ni hela itakayorudi kwake, wewe hupati hata siku moja. Sisemi ni mwizi, wapo wengi tu ambao hawajauza gari miaka mingi na wanaamini bado ni vilevile, lakini usije ukakubali akuongezee bei kwa sababu ya hiyo kodi.

Na kuna kitu watu hawaambiwi. Yeye anarudishiwa miezi mizima tu, na wewe unalipa kuanzia tarehe 1 ya mwezi ule uliolipia hata kama umenunua tarehe 28, yani mwezi huo mmoja serikali inachukua kwake na inachukua kwako. Kwa gari yenye kodi kubwa ningekwambia usogeze mpaka mwezi uanze, kwa hii wala usihangaike, maana kodi yake ni ndogo sana na sababu yake nataka uielewe kwa ajili ya ile gari ya pili uliyonitumia picha.

Iko hivi. Gari zilizosajiliwa kati ya Machi 2001 na tarehe 31 Machi 2017 zinalipa kwa moshi wake, ile gramu za CO2 kwa kilomita iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Haibridi ndogo kama hiyo iko chini ya gramu 100, kabla ya April 2025 ilikuwa hailipi kitu, na kwa viwango vilivyoanza April 2025 inalipa paundi 20 kwa mwaka. Gari zilizosajiliwa kuanzia tarehe 1 April 2017 hazina hiyo neema, ukiacha mwaka wake wa kwanza zinalipa kiwango kimoja, kwa viwango hivyohivyo vya 2025 kilikuwa paundi 195, hata za umeme siku hizi zinalipa. Sasa ile ya pili uliyonitumia ina pleti ya 17, hiyo 17 kwenye namba ndo inaonyesha kipindi ilichosajiliwa, na pleti ya 17 ilitolewa toka Machi mpaka Agosti 2017, kwahiyo gari mbili zinafanana kila kitu, moja imesajiliwa mwisho wa Machi nyingine wiki moja baadae, kwa viwango hivyo moja 20 nyingine 195, kwa mwaka. Usiangalie pleti peke yake, muombe muuzaji akusomee tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza kwenye kadi, au ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali utaiona mwenyewe bure. Na ukilipa kwa mwezi kwa mwezi wanaongeza asilimia 5, kama unayo ya mwaka toa yote mara moja.

Sasa bima, hapa nisikilize sana.

Bima ya hapa ni ya mtu. Ya huyo baba inamlinda yeye na wale aliowaandikisha humo, jina lako halimo, na akishakuuzia hata yeye mwenyewe hiyo gari si yake tena. Ukiingia barabarani dakika ileile unaendesha bila bima. Kamera za polisi zinasoma pleti na kuzilinganisha na orodha ya gari zenye bima, na usijipe moyo kwamba kwa kuwa pleti yake inaonekana ina bima basi umepona, wakikusimamisha au ukigusana na mtu kwenye mzunguko wataangalia nani anaendesha. Adhabu ya kawaida ni paundi 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, na gari wanaweza kuibeba palepale. Kwa mwingine pointi 6 ni maumivu anaendelea na maisha, kwako wewe ambaye leseni yako haijafikisha miaka miwili pointi 6 maana yake leseni inafutwa, unarudi kwenye leseni ya kujifunzia, unafanya upya mtihani wa maswali na ule wa barabarani. Najua ulivyohangaika kupata tarehe ya mtihani. Na hilo kosa linakaa kwenye leseni miaka 4, kila kampuni ya bima ukiwaendea wanauliza, na bei yako inapanda hapohapo.

Umesema pia rafiki yako mnayekaa nae nyumba moja yuko tayari akuendeshee hiyo Jumamosi maana bima yake inamruhusu kuendesha gari za watu. Mwambie asome karatasi yake vizuri kabla hajajitolea. Kifungu hicho wengi hawanacho, vijana wa chini ya miaka 25 mara nyingi hawapewi kabisa, na hata mwenye nacho ni bima ndogo tu, thedipati, inamlipa uliyemgonga, Yaris yako ikipondeka ni juu yako, na kampuni nyingi zinataka gari hiyo nyingine iwe na bima yake yenyewe tayari. Kwahiyo na hiyo njia imefungwa.

Alafu lile ulilouliza kwa kuzunguka, kwamba tuandike mimi ndo dereva mkuu ili bei ishuke. Sitafanya hivyo mwanangu, na usinione mgumu. Gari itakuwa Leeds, utaendesha wewe kila siku kwenda kazini, dereva mkuu ni wewe. Kusema ni mimi ni udanganyifu, na siku ya ajali kampuni ikichunguza wanafuta bima wanakataa kulipa na jina lako linaingia kwenye kumbukumbu zao, ukitafuta bima mwaka unaofuata kila mlango wanauliza kama ulishawahi kufutiwa. Kilicho halali ni wewe kuwa dereva mkuu na mimi kuandikwa dereva wa pili, maana nikija kwako kweli nitaiendesha, na mtu mwenye uzoefu kuwemo mara nyingine inashusha bei. Jaribu kotesheni na jina langu na bila jina langu uone tofauti. Jaribu na za kiboksi cha kurekodi mwendo, kwa dereva mpya mara nyingi zina nafuu. Jaribu pia bima kubwa na bima ndogo zote mbili, usidhani ndogo ndo rahisi, kwa vijana mara nyingi kubwa inatoka kwa bei ya chini. Na uandike kazi yako, mahali gari italala na maili unazotarajia kwa ukweli wote.

Yule kijana wa kwenye grupu la WhatsApp anayeuza bima kwa nusu bei achana nae kabisa. Wanafanya mambo mawili, au wanakutengenezea cheti cha uongo, au wanakukatia bima ya kweli kwa taarifa za uongo, umri mwingine anuani nyingine, wakishakutumia cheti wanaifuta wanachukua hela. Wanatupenda sana sisi wageni na vijana kwa sababu bei za kweli zinatuumiza. Mimi naumia nikiona mtu ametoka kazini usiku kumbe ameendesha miezi bila bima na hajui. Kampuni yoyote hakikisha iko kwenye rejista ya FCA, wale wanaosimamia kampuni za fedha na bima hapa, na ukishalipa ingiza namba ya gari kwenye kanzidata ya bima ya magari uone kama imo, ila ujue inaweza kuchukua siku kadhaa kuonekana, kwahiyo cheti chenyewe kiwe kwenye simu.

Jumamosi iende hivi. Kabla hujatoka Leeds uwe na kotesheni mkononi ya pleti hiyohiyo, umeshachagua kampuni, umebakiza kulipa tu. Nenda kwa treni. Gari uione nyumbani kwake, anuani ya mlango iwe ileile iliyo kwenye kadi ya gari, V5C, na namba ya chasisi ifanane. Akikwambia kadi imepotea itakuja kwa posta, mshukuru urudi nyumbani, bila kadi au kile kipande chake cha kijani anachopewa mnunuzi huwezi kulipa kodi kwa mtandao na itabidi uombe kadi mpya kwa paundi 25 na usubiri, na hiyo ni kama gari ni yake kweli. Kadi yenyewe haithibitishi kwamba yeye ndo mmiliki, inaonyesha tu nani ameandikishwa kuitunza, kwahiyo lipia ule ukaguzi wa historia wa paundi kadhaa uone kama ina deni la mkopo au iliwahi kuandikwa imekufa kwenye ajali, na risiti yenye majina yenu, bei, tarehe na pleti lazima aandike.

Mkishakubaliana usitoe hela kwanza. Kaa chini ulipie bima kwa simu, iweke ianze saa ileile na sio kesho yake, wengine fomu inajichagulia kesho usiku wa manane watu hawaoni. Cheti kikiingia kwenye barua pepe ndo umhamishie hela kwa benki. Afu yeye mbele yako aingie tovuti ya DVLA aseme ameuza, kuna namba ya tarakimu 11 kwenye kadi, ataandika jina lako na anuani yako na hapo msimamie, jina kama lilivyo kwenye leseni na postikodi isikosewe maana kadi mpya inakuja kwa anuani hiyo. Yeye anakukatia kipande cha kijani, kina namba ya tarakimu 12, na kwa namba hiyo unalipa kodi palepale umekaa, ni dakika chache na inafanya kazi usiku na mchana. Bima, hela, yeye anaripoti, wewe unalipa kodi, halafu ndo unachukua ufunguo. Akisema ataripoti baadae jioni mwambie kwa upole unasubiri, na yeye ina faida kwake, asiporipoti faini za kamera zitakuwa zinaenda kwake.

MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa gari, ndo kitu pekee kinachokuja na gari, ikiwa ipo mpaka mwezi wa saba ni yako mpaka mwezi wa saba. Bila MOT mfumo haukuruhusu kulipa kodi. Ingiza pleti kwenye tovuti ya serikali usome MOT zote za nyuma, angalia maili zinapanda kwa mpangilio na yale maonyo madogo yanayojirudia, breki, kutu chini, matairi. Kwa haibridi muulize pia kama betri imewahi kupimwa na Toyota.

Kama ile ya pili imewekwa SORN, yani imetangazwa haitembei, hiyo nayo haihamii kwako, na huwezi kuiendesha mpaka uilipie, labda iwe inaenda moja kwa moja kwenye MOT uliyoshaweka miadi, na hata hapo bima lazima.

Suala la mshahara nimelielewa. Kuna bima za siku moja ambazo zingekufikisha Leeds, ila nyingi hazichukui dereva mpya na zikikubali bei ni ya kukukatisha tamaa, na kesho yake gari imekaa mtaani bila bima ambayo ni kosa hata kama haijawashwa. Kwahiyo ama mwambie huyo baba umpe kianzio kidogo cha kukushikia mpaka Jumamosi inayofuata, akuandikie risiti kwamba ukikuta gari sivyo alivyoeleza anarudisha, ama uniambie ni kiasi gani kimepelea kwenye bima nikutumie, utanirudishia ukilipwa. Mimi napenda ya kwanza zaidi maana inakupa wiki nzima ya kutafuta kotesheni, na bima ya kununua siku ileile mara nyingi ni ghali kuliko ya kununua mapema.

Nitumie pleti za gari zote mbili leo nizisome MOT zake mwenyewe, na kotesheni ukizipata nipigie skrinishoti kabla hujabonyeza kulipa.

Mama