Maji ya matunda: tuanze na maji yenyewe

Joto limeshika, na barua nyingi mnazoniletea wiki hizi ni za maji ya matunda, yaani maji ya kunywa yaliyolowekwa vipande vya matunda, majani au viungo. Hayasagwi wala hayakamuliwi. Hiyo ingekuwa juisi. Nimechagua maswali yanayowafaa wengi. Wanaouliza kama maji haya yanakata kitambi, jibu lenu ni la tatu. Lisomeni kabla ya kuniandikia tena.

Shangazi shikamoo. Nililoweka limau na tango usiku kucha, asubuhi maji yakawa machungu hayanyweki. Nimekosea wapi? (Msomaji, Tabata)

Marahaba mwanangu. Umekosea muda. Uchungu wa limau uko kwenye kokwa na kwenye ule weupe ulio kati ya ganda na nyama, na kadiri limau linavyokaa ndivyo uchungu unavyotoka.

Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa kabisa. Osha tango nusu, onja ncha yake kwanza, maana tango moja chungu huharibu jagi zima, kisha likate slesi nyembamba pamoja na ganda. Limau nusu linatosha, slesi 4 au 5, na kokwa zote zitoke. Majani 8 ya mnanaa yapige katikati ya viganja mara moja au mbili mpaka yanukie. Usiyatwange, ukiyatwanga yanakuwa meusi na maji yananuka nyasi. Funika, weka kwenye friji kwa muda wa saa 2 hadi 4. Zikifika saa 4 toa limau, lakini tango na mnanaa viache. Anayetaka kulaza usiku amenye limau, aondoe weupe wote, aweke nyama tupu. Ndimu ni hivyo hivyo, ila ni kali zaidi, kwa hiyo punguza kiasi na muda.

Mimi natumia maji ya bomba moja kwa moja kwa sababu limau linaua vijidudu. Kuna haja gani ya kuchemsha? (Msomaji, Eldoret)

Haja ipo, na hakuna swali linalonitia hofu kuliko hili. Watu wanatumia saa nzima kuchagua jagi la kupendeza na matunda ya rangi, halafu wanamimina humo maji ambayo hawajui yametoka wapi. Kipindupindu na homa ya matumbo havitazami rangi ya jagi.

Chanzo cha uvumi huu ninakijua. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba maji ya ndimu, yakichanganywa na maji ya kunywa ndani ya chupa iliyoanikwa juani, yaliharakisha kufa kwa bakteria aina ya E. coli. Hapo palikuwa na jua kali na ndimu ya kutosha, na hata hivyo si virusi vyote vilivyopungua kwa kiasi cha kuridhisha. Slesi tatu za limau ndani ya friji haziwezi kazi hiyo.

Chemsha mpaka maji yatokote kwelikweli, dakika 1 nzima. Wewe uliye Eldoret, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, chemsha dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Yapoe yakiwa yamefunikwa. Anayetumia vidonge vya klorini asubiri dakika 30 zitimie ndipo aweke tunda, asitangulize tunda. Vitamini C iliyomo kwenye limau na chungwa huimaliza nguvu klorini, kwa hiyo ukiviweka pamoja dawa inakufa kabla ya vijidudu.

Matunda nayo yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka, uyasugue kwa mkono au brashi, hata yale utakayoyamenya. Sabuni usitumie, inapenya kwenye ganda. Kisu na kibao kisiwe kile cha nyama. Kumbuka ganda linaloelea kwenye maji unayokunywa ni sawa na ganda unalolilamba.

Na barafu. Miaka kadhaa iliyopita kwenye shughuli nyumbani kwetu nilichemsha maji vizuri, nikaosha kila kitu, halafu barafu ilipokwisha nikanunua nyingine bila kuuliza imegandishwa maji gani. Wageni waliharisha siku mbili, na mtoto wa dada yangu akatundikiwa dripu. Tangu siku hiyo barafu ninagandisha mwenyewe, kwa maji yaliyochemshwa, na nisipokuwa nayo maji yananywewa bila barafu.

Maji ya detoksi yanakata kitambi baada ya siku ngapi? (Wasomaji wengi sana, kila mahali)

Hayakati. Nimelijibu hili kila msimu wa joto na nitaendelea kulijibu hivyo hivyo. Tango haliyeyushi mafuta ya tumbo, limau haliyeyushi, tangawizi haiyeyushi. Na hiyo detoksi, yaani kusafisha mwili, ni kazi ya ini na figo, na viungo hivyo vinaifanya mchana na usiku bila kungoja jagi lako.

Faida ya kweli ipo, nayo inatosha. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, takriban vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, kiasi cha gramu 25 kwa mtu mzima. Soda moja imeshapita hapo. Aliyezoea soda mbili kwa siku akahamia kwenye maji yenye nanasi na mnanaa amejiondolea vijiko 18 vya sukari kila siku, na huyo mwili wake utabadilika. Kilichombadilisha ni soda aliyoiacha.

Angalieni pia hizo chupa za "kusafisha tumbo" mnazouziwa. Baadhi zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unajipima unaona uzito umeshuka, kumbe umepoteza maji na choo. Ukirudia mara kwa mara unapoteza chumvichumvi za mwili, na utumbo unazoea kutofanya kazi bila kusukumwa.

Naweza kuongeza asali kidogo ili watoto wayapende? (Msomaji, Morogoro)

Ukiongeza asali umetengeneza sharubati. Sharubati ni kitu kizuri, iandae siku ya sikukuu. Kwa maji ya kila siku waache watoto wazoee ladha hafifu; baada ya wiki mbili hivi ulimi unaizoea. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa, kwa sababu inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria vinavyotoa sumu ya kupoozesha kwenye tumbo lake changa.

Mwanangu ana miezi 4, anakunywa maji ya tango anachangamka. Nampa kiasi gani? (Msomaji, Mwanza)

Usimpe hata tone. Mpaka atimize miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Maji yote yanayomtosha yamo humo, hata kwenye joto la Mwanza. Maji mengine yanamjaza tumbo bila chakula na yanamfungulia mlango wa kuhara. Ukiwa kliniki mwambie muuguzi umekuwa ukimpa nini, naye ampime uzito vizuri.

Matunda gani yanafaa na yapi hayafai? Nimejaribu papai yakawa kama uji. (Msomaji, Kigamboni)

Papai, ndizi, parachichi na embe lililoiva sana havifai. Vinalainika, vinavurugika, na maji yanaanza kuchacha mapema. Tunda la kuloweka ni lile lenye harufu ya kutoka na nyama ya kushikamana.

Nanasi ndilo ninalolipenda kuliko yote, na hapa kwetu lipo la kutosha. Weka vipande vinene bila ganda, na ile miti ya katikati ambayo wengi wanaitupa itumie, ina harufu nyingi. Tangawizi kipande cha kidole gumba, kipondwe kidogo tu. Saa 3 zinatosha. Likilala sana linachacha. Tikiti maji linatoa ladha ndani ya saa 1 na baada ya hapo linasambaratika, kwa hiyo ni la kuloweka wageni wakiwa njiani. Chenza lina harufu nzuri kuliko chungwa, lakini ganda lake litoe. Pasheni, ambayo wengine mnaiita karakara, ina mbegu na utomvu unaoelea. Chuja au vumilia. Embe bichi lililokatwa nyembamba pamoja na majani ya mrehani ni mchanganyiko ambao mgeni wa kwanza hushtuka na wa pili huomba aongezewe.

Mchaichai haufai kulowekwa kwenye maji ya baridi, unaishia kutoa rangi tu. Ponda shina, chemsha dakika 5 kwenye kikombe kimoja cha maji, acha ipoe, kisha changanya na jagi. Kijiti cha mdalasini kinahitaji usiku mzima. Iliki mbili zilizopasuliwa zinatosha lita 1, ukizidisha unasikia dawa.

Ubuyu na ukwaju mnaniuliza kila wiki. Hivyo ni vya kukorogwa na kuchujwa, vina mapishi yake, naviacha huko.

Bibi yetu alituachia mtungi. Nataka niloweke matunda humo, maji yawe baridi bila friji. Inawezekana? (Msomaji, Tanga)

Hongera kwa kuutunza, wenzako wameigeuza mapambo ya sebuleni. Lakini matunda usiweke humo. Mtungi unapooza kwa sababu udongo una vitundu: maji yanapenya kidogo kidogo, yanakauka nje, na yanapokauka yanaondoka na joto. Vitundu hivyo hivyo vinanyonya sukari na tindikali ya matunda, na baada ya siku chache mtungi unanuka mchacho usiotoka kwa kuosha. Weka humo maji yaliyochemshwa tu, ufunike, uuweke penye kivuli na upepo, na uteke kwa kata yenye mpini mrefu ili mkono usiguse maji. Kisha mimina kwenye jagi la kioo ndipo uloweke matunda.

Bibi yangu mimi, Pangani, alikuwa akiufukiza mtungi mtupu kwa moshi wa ubani kabla ya kuujaza. Tulikunywa maji yenye harufu, bila tunda, bila sukari, wala hakuna aliyeyaita detoksi.

Huku watu wanaloweka ubani kwenye maji usiku wanakunywa asubuhi. Nifuate? (Msomaji, Muscat)

Ni desturi ya zamani ya Omani, na ubani wa Dhofar, kusini mwa nchi hiyo, ndio wanaousifu. Kama unapenda ladha yake, chagua ule mweupe au wa kijanikijani, msafi, unaouzwa kwa kutafunwa. Punje 2 au 3 kwa glasi, chuja asubuhi. Uvumba na udi vilivyochanganywa na manukato ni vya chetezo, visiingie kinywani. Mjamzito na anayetumia dawa za kila siku aulize daktari kwanza. Sifa za kuponya hiki na kile siwezi kukuthibitishia.

Nina kisukari na presha. Maji haya ni salama kwangu? (Msomaji, Dodoma)

Bila sukari wala asali, kwa kawaida ndiyo, na kwa kisukari ni bora mara nyingi kuliko juisi hata ile isiyotiwa sukari. Lakini balungi waachie wengine. Balungi linazuia mwili kuvunja baadhi ya dawa za presha, kama nifedipini, na za lehemu (kolesteroli), kama simvastatini, hivyo dawa inazidi kwenye damu. Mwenye ugonjwa wa figo asianze lolote kati ya haya bila daktari wake, kwa sababu huenda hata kiasi cha maji amewekewa.

Wenye kiungulia na vidonda vya tumbo wachague tango, mnanaa kidogo au tikiti, limau waliache. Na nyote mnaobeba chupa ya maji ya limau na kunyonya tangu asubuhi hadi jioni, tindikali yake inalika meno. Yanyweni na chakula, sukutueni kwa maji matupu, na msipige mswaki mpaka nusu saa ipite.

Umeme unakatika. Yanakaa muda gani? (Msomaji, Kahama)

Nje ya friji saa 2, na siku ya joto kali saa 1. Kwenye friji, yakiwa na matunda, siku 1. Ukitoa matunda na kuchuja, siku 2 zaidi. Jagi usilijaze maji mapya juu ya matunda ya jana. Ukiona povu au kusikia harufu ya mchacho, mwaga bila kuonja.

Nataka kuyauza kwa chupa ofisini mwetu. Unanishauri nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwanza uhakika wa maji, halafu chupa mpya. Chupa za kuokota na za dawa usiguse. Tangu 2019 usajili wa vyakula Tanzania bara uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, akapata mafunzo na barua ya utambulisho. Toa matunda kabla ya kufunga chupa, andika tarehe ya kutengeneza, uza siku hiyo hiyo yakiwa baridi. Na kwenye lebo usiandike kwamba yanatibu au yanapunguza unene. Kuna mgonjwa atakayeacha dawa zake kwa kukuamini.

Matunda yaliyobaki kwenye jagi niyatupe? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, yaliwe siku hiyo hiyo. Ladha imepungua, lakini nyuzinyuzi zote na sehemu kubwa ya virutubisho bado vimo kwenye tunda, havikuhamia kwenye maji. Maganda ya limau mimi nasugulia sufuria.