Ukitaka taa yako ya LED idumu, anza na mgongo wake

Mama mkubwa wangu ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, na siku hizi macho yake hayamruhusu tena kushona kitambaa cheusi jua likishazama. Miaka miwili iliyopita nilimtengenezea taa ya mezani kwa chipu ya LED ya wati 10, ile ya mraba yenye vidoti tisa chini ya utando wa njano. Nilikuwa na haraka, maana alikuwa na sare za harusi za kumalizia kesho yake. Nikakata kipande cha bati kwenye kopo la rangi, nikaibandika chipu kwa supaglu, nikaunga waya, ikawaka. Chumba kizima kikawa cheupe. Aliniombea dua pale pale.

Wiki ya tatu akanipigia simu. "Mwanangu, taa yako imegeuka rangi. Imekuwa ya bluu bluu, na upande mmoja una giza."

Nilipoifungua nilikuta safu moja ya vidoti vitatu imekufa. Utando wa njano ulikuwa umeungua katikati na kuwa kahawia. Supaglu ilikuwa imegeuka nyeupe na kupasukapasuka kama ukoko wa wali, na nilipoigusa chipu kwa ukucha ilibanduka yenyewe. Nilisikitika, kwa sababu chipu ile haikuwa na kasoro yoyote. Niliiua mimi, kwa kutoijali upande wa nyuma. Toka siku hiyo nimetengeneza taa nyingi, za nyumbani, za vibanda na za mashua, na ningependa yeyote anayeanza kazi hii asipitie njia niliyopitia.

Wengi wetu tumekulia kwenye globu ya waya. Globu ile ina joto kali, lakini sehemu kubwa ya joto lake inatoka kwa mbele pamoja na mwanga, ndiyo maana ukiisogelea unalihisi usoni. LED haifanyi hivyo. Mbele inatoa mwanga ambao hauchomi, na watu wakaamini kwamba LED haina moto. Ukweli ni kwamba chipu hizi za kawaida zinageuza pengine theluthi moja tu ya umeme kuwa mwanga. Theluthi mbili zinabaki kuwa joto, na joto hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea: mgongoni. Usipolifungulia mlango huo, litabaki ndani na kupika kila kitu.

Ile safu iliyokufa ina maelezo yake. Vidoti tisa vimepangwa safu tatu za vitatu vitatu, na draiva, yaani kifaa kinachoilisha chipu umeme kwa mkondo uliopimwa, inasukuma miliampea 900 hivi, yaani kila safu inapata 300. Safu moja ikikatika, draiva haijui. Inaendelea kusukuma 900 zile zile, na safu mbili zilizobaki zinabeba 450 kila moja. Joto lao linapanda, nazo zinasogea kaburini haraka zaidi. Kwa hiyo ukiona safu moja imezima, usiseme bado inatoa mwanga, acha itumike. Zima, fungua, tazama mgongo.

Sasa tuifuate njia ya joto hatua kwa hatua. Joto linatoka kwenye kidoti, linaingia kwenye bamba la chipu, linavuka pale chipu inapokutana na hitisinki, yaani kipande cha alumini chenye mapezi cha kutawanyia joto, linasambaa kwenye alumini hiyo, kisha linachukuliwa na hewa. Kila hatua ni geti, na geti moja likibana, mengine yote yakiwa wazi hayasaidii.

Geti linalowashinda watu wengi ni la kukutana. Ukiweka chuma juu ya chuma unaona vimegusana, kumbe vimegusana kwa vilele vidogo tu, na katikati pamejaa hewa. Hewa ni mbaya sana kwa kupitisha joto. Nilipiga hesabu kwa chipu yenye mgongo wa milimita 20 kwa 20 inayotoa wati 8 za joto. Kama kati yake na hitisinki kuna hewa ya unene wa karatasi ya daftari, milimita 0.1, tofauti ya joto pande mbili za karatasi hiyo inafika karibu nyuzi 77. Weka mahali pale grisi nyeupe inayopakwa kwenye prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, ya kawaida kabisa, kwa unene ule ule: tofauti inashuka hadi nyuzi 2 tu. Nilirudia hesabu ile mara tatu kwa sababu sikuamini. Supaglu iko katikati. Ikiwa nyembamba sana unaweza kunusurika, lakini nilivyoipaka mimi, tone zima, ilikuwa sawa na kuivalisha chipu sweta.

Lakini grisi si siagi ya mkate. Inapitisha joto vizuri kuliko hewa, ila vibaya mno kuliko alumini, kwa hiyo kazi yake ni kujaza mashimo tu. Ninachofanya ni hivi: nasugua uso wa hitisinki kwa msasa laini uliowekwa juu ya kioo, ili uwe bapa. Naufuta kwa spiriti. Naweka grisi kiasi cha punje ya mchele katikati, naiweka chipu, naizungusha kidogo huku naikandamiza mpaka nahisi inang'ang'ania. Halafu skrubu, nazikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za tairi. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza, upande wa pili unanyanyuka na bamba la chipu linaweza kupinda. Halafu, waya zichomee risasi kwenye chipu kabla hujaifunga. Ikishafungwa, hitisinki inavuta joto la pasi yako ya kuchomelea na risasi haitayeyuka vizuri.

Bati la kopo nalo lilikuwa kosa. Lile ni chuma chembamba, na chuma kinapitisha joto kama robo tu ya alumini. Likiwa jembamba namna ile, joto halisambai kwenda pembeni. Palikuwa panaungua katikati huku kingo za bati ziko baridi, nami nikigusa kingo nikadhani mambo ni shwari.

Kuhusu hitisinki yenyewe, vijana wengi wanakimbilia zile za prosesa za kompyuta mbovu. Ni nzuri, ninazo kadhaa, lakini zimetengenezwa kufanya kazi na feni. Mapezi yake yamebanana. Ukiondoa feni, hewa ya moto haina nafasi ya kupanda katikati ya mapezi, inakwama humo. Kwa taa isiyo na feni natafuta hitisinki za amplifaya za zamani, zenye mapezi manene yaliyoachana karibu upana wa kidole. Kwa wauza vyuma chakavu zinauzwa kwa kilo, na mara nyingi ni nyeusi, jambo linalosaidia, kwa sababu alumini iliyotiwa weusi ule wa kiwandani inatoa joto kwa mnururisho vizuri zaidi kuliko inayong'aa. Weusi huo uusugue pale tu chipu inapokaa, kwingine uache.

Na yasimamishe mapezi wima. Hewa ya moto inapanda, kwa hiyo iachie njia ya kupanda. Taa ya pili ya mama mkubwa niliipima kwa namna zote mbili, taa ile ile, chumba kile kile: mapezi yakiwa yamelala nilipata nyuzi 71 kwenye alumini, nikayasimamisha nikapata 62. Nyuzi tisa bila kutumia hata senti.

Hesabu ya kuchagua ukubwa ni rahisi kuliko inavyotisha. Hitisinki nzuri zinaandikwa idadi ya nyuzi kwa kila wati. Ikiandikwa 4, maana yake kila wati ya joto inaipandisha nyuzi 4 juu ya hewa iliyopo. Wati 8 ni nyuzi 32. Sasa hapa ndipo tunapopaswa kuwa makini kuliko wale wanaoandika maelekezo wakiwa kwenye nchi za baridi. Wao wanaanza na hewa ya nyuzi 20 au 25. Tanga mwezi wa pili chumba chenye bati juu kina nyuzi 32 au zaidi hata usiku haujaingia. Kwa hiyo 32 na 32 ni 64 kwenye alumini, na kidoti chenyewe kiko juu zaidi ya hapo. Mimi nakataa hitisinki ivuke 65. Ikivuka, natafuta kubwa zaidi au napunguza mkondo.

Kupunguza mkondo ndiyo dawa ninayoipenda kuliko zote, na watu wanaidharau. Chipu ya wati 10 ukiiendesha kwa miliampea 600 badala ya 900 inapoteza mwanga, ndiyo, lakini si kwa theluthi kamili, kwa sababu LED inapoendeshwa polepole inatumia umeme wake vizuri zaidi. Jicho halioni tofauti kubwa, mkono unaiona mara moja. Kama unataka mwanga mwingi, nunua chipu mbili uziendeshe taratibu.

Tafadhali usiiunge chipu moja kwa moja na betri ya pikipiki au ya sola. LED ikipata moto, volti inayohitaji inashuka, kwa hiyo kwenye betri inavuta mkondo zaidi, mkondo unaleta moto zaidi, na mzunguko huo unaishia kwa harufu ya kuungua. Tumia draiva inayodhibiti mkondo. Na draiva usiibandike juu ya hitisinki ili kuokoa nafasi: zile kapasita zake za mviringo, kila nyuzi 10 unazoziongezea zinapoteza karibu nusu ya umri. Iweke mbali, kwenye shina la taa au chini ya meza.

Zipo pia chipu zinazoungwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani, zenye draiva juu ya bamba hilo hilo. Kati ya umeme huo na hitisinki unayoishika kwa mkono kuna utando mwembamba tu. Utando ukitoboka, alumini nzima ina umeme. Mimi siziweki kwenye taa ya mezani wala kwenye chochote ambacho mtoto atafikia, na popote zilipo waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, uwepo na ufungwe kwenye alumini kwa skrubu.

Kijana mmoja mvuvi wa dagaa aliniletea taa aliyoitengeneza mwenyewe kwa ustadi mkubwa. Alikuwa ameifungia yote, chipu na hitisinki, ndani ya boksi la plastiki na kuziba kwa silikoni maji ya chumvi yasiingie. Ilikufa usiku wa pili. Hitisinki iliyofungiwa ndani ya plastiki ni kama jiko ndani ya kabati. Tulikata dirisha mgongoni mwa boksi, hitisinki ikatokeza nje kwenye upepo wa bahari, tukaziba kwa silikoni kuizunguka. Uso wa chipu ukabaki ndani, nyuma ya kioo. Nilimwomba aisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila akirudi, kwa sababu chumvi inaganda kati ya mapezi na kuyaziba.

Feni naitumia kuanzia wati 30 kwenda juu. Taa ya karakana yangu ni ya wati 50 na ina hitisinki ya prosesa na feni ya volti 12. Lakini feni itakufa siku moja, kwa vumbi au kwa mjusi, hivyo nimeunga swichi ndogo ya joto inayokata ikifika nyuzi 70, imebanwa kwenye alumini karibu na chipu, kwenye waya unaoingia kwenye draiva. Mwaka jana iliizima taa katikati ya kazi. Feni ilikuwa imekwama, chipu ikapona.

Ukimaliza kuunda, usiikabidhi taa siku hiyo hiyo. Iwashe jioni, bandika kihisi joto cha mita yako kwenye bamba, jirani na chipu, uandike namba kila baada ya dakika 10. Itapanda haraka, kisha polepole, kisha itasimama. Taa ndogo inachukua nusu saa, hitisinki nzito inaweza kuchukua saa nzima. Namba inayosimama ndiyo ya kweli. Kama huna mita, gusa kwa kidole: ukiweza kuhesabu mpaka tano bila kukiondoa, uko karibu na nyuzi 50. Ukikiondoa kabla hujafika mbili, umevuka 60.

Taa ya mama mkubwa sasa naiendesha kwa miliampea 700. Nimeandika kwa penseli kwenye mti wa shina lake: 56, Februari, dirisha limefungwa.